Nondo karibu na bahari: kununua, kutunza na kufunga chuma cha nyumba Unguja na Pemba

Nyumba ya zege iliyojengwa Nungwi, Jambiani au Micheweni haianzi kuharibika kwa nje. Huanzia ndani, kwenye nondo, na mwenye nyumba hupata habari miaka kadhaa baadaye, pale mstari wa kahawia unapojichora chini ya bimu na plasta inapoanza kuvimba. Wengi hapo hulaumu saruji. Mara nyingi kosa lilishafanyika zamani: nondo ilinunuliwa nyembamba, ikalala mchangani msimu mzima, au ilifungwa ikagusa mbao za boksi la kumwagia zege.

Zege jipya lina ukali mkubwa wa chokaa, pH (kipimo cha ukali huo) kati ya 12.5 na 13. Ukali huo huijengea nondo utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando ukiwa mzima chuma hakishiki kutu hata zege likilowa. Adui wake mkubwa pwani ni kloraidi iliyomo kwenye chumvi. Inapita kwenye vitundu vya zege polepole, ikifika kwenye nondo inautoboa utando, na kutu inaanza. Kutu inachukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke. Ufa ukishafunguka, chumvi na unyevu vinaingia bila kizuizi. Basi kazi ni mbili tu: nondo ifike ndani ya zege ikiwa nzima na safi, na chumvi icheleweshwe kuifikia kadiri inavyowezekana.

Nondo imetoka wapi

Unguja na Pemba hazina machimbo ya madini ya chuma, na nondo za hapa huja kwa chombo. Zipo za aina mbili kwa asili yake. Za kwanza zimetokana na madini ya chuma yaliyoyeyushwa moja kwa moja. Za pili zimetokana na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa upya kwa umeme. Aina zote mbili zinaweza kuwa nzuri. Tofauti ni kwamba chakavu huja na mchanganyiko wa mambo, shaba, salfa na fosforasi zikiwemo, na kiwanda kisichopima kila mkupuo, yaani chuma kilichoyeyushwa kwa mara moja, kitatoa nondo za tabia tofauti kutoka siku moja hadi nyingine.

Ili kuielewa aina ya kwanza, tazama kiwanda cha serikali ya India kilichopo Visakhapatnam, kwenye Ghuba ya Bengal. Jiwe la msingi liliwekwa na Waziri Mkuu Indira Gandhi mwaka 1971, kampuni ya umma inayokiendesha, Rashtriya Ispat Nigam, iliundwa mwaka 1982, na kiwanda kikazinduliwa rasmi mwaka 1992. Ndicho kiwanda cha kwanza cha India cha aina hiyo, kinachoanza na madini ghafi na kumaliza na bidhaa, kujengwa pwani. Sababu ni makaa: makaa yanayofaa kwa tanuru yanaletwa kwa meli, mengi kutoka Australia, wakati madini ya chuma yanashuka kwa reli kutoka machimbo ya Bailadila. Kazi yake kubwa ni chuma kirefu: nondo, waya mnene, vyuma vya mviringo na vyuma vya miundo.

Makaa kwanza yanaokwa bila hewa mpaka yabaki magumu, yenye vitundu, yanayoweza kubeba uzito ndani ya tanuru. Madini, makaa hayo na mawe ya chokaa vinaingizwa kwenye tanuru refu linalopulizwa hewa ya moto kwa chini. Chuma kinachotoka kina joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi na kaboni karibu asilimia 4, kiasi kinachokifanya kivunjike kama kigae. Ndipo kinapelekwa kwenye chombo kinachopulizwa oksijeni safi. Oksijeni inaiunguza kaboni mpaka ibaki karibu asilimia 0.2, na uchafu mwingine unapanda juu na kuondolewa pamoja na chokaa. Chuma hicho kinamiminwa kikawa mihimili mirefu, kinapashwa moto tena, kinapitishwa kwenye rola zinazokibana hatua kwa hatua mpaka kinakuwa nondo yenye mbavu. Kwa tani 1 ya chuma kwa njia hii hutumika takriban tani 1.4 za madini na kilo 780 za makaa, kwa hiyo si ajabu kiwanda kikataka kukaa karibu na bandari.

Hatua ya mwisho ndiyo inayomhusu fundi wa Mwera au Chake Chake kuliko zote. Nondo ikitoka kwenye rola ya mwisho, bado nyekundu, inapitishwa kwenye maji yenye kasi kubwa. Gamba la nje linapoa ghafla na kuwa gumu sana, ndani bado kuna moto. Moto wa ndani unarudi nje na kulipunguza gamba makali yake. Unapata chuma chenye gamba gumu na kiini laini kinachokunjika bila kukatika. Nguvu hiyo imepatikana kwa joto na maji, na joto linaweza kuiondoa. Kwa hiyo:

- Usiipashe nondo moto kwa gesi ili kuikunja. Sehemu iliyopata wekundu inapoteza ugumu wa gamba, na hakuna atakayeiona baada ya zege kumwagwa.
- Usichomelee ringi (nondo nyembamba iliyokunjwa kuzizunguka nondo kuu) kwenye nondo kuu ili kuokoa waya wa kufungia. Alama ndogo ya moto kwenye nondo nyembamba inatosha kuidhoofisha pale pale inapovutwa.
- Usiipunguze unene kwa grenda ili ipite kwenye tundu. Unaondoa gamba, na gamba ndilo lililobeba sehemu kubwa ya nguvu.

Mabaki ya tanuru nayo yana kazi. Yakipozwa haraka kwa maji yanakuwa chenga, na chenga zikisagwa huchanganywa kwenye saruji. Saruji yenye mabaki hayo, au yenye majivu ya volkano, hupitisha chumvi polepole kuliko saruji ya kawaida. Ukiipata, itumie kwa nguzo na msingi, ila ujue inakomaa taratibu na inataka kumwagiliwa maji siku nyingi zaidi.

Dukani: pima, usikisie

Ukinunua tani kadhaa kwa jengo la ghorofa, dai cheti cha kiwanda. Tazama mambo manne. Kwanza daraja: B500B kwa kiwango cha Uingereza BS 4449, au Fe 500D kwa kiwango cha India IS 1786. Fe 500 bila herufi D inaruhusiwa kaboni hadi asilimia 0.30 na kurefuka asilimia 12 tu kabla ya kukatika. Yenye D inabanwa kwenye 0.25 na lazima irefuke asilimia 16. B500B inabanwa zaidi kwa kaboni, asilimia 0.22. Pili salfa na fosforasi: zisizidi 0.05 kila moja kwa B500B na 0.040 kwa Fe 500D. Tatu, namba ya mkupuo iliyo kwenye cheti ifanane na ile ya kibati kilichofungwa kwenye bunda. Cheti chenye namba tofauti ni karatasi ya mzigo wa mtu mwingine. Nne, alama za kiwanda zilizochongwa juu ya nondo yenyewe, zinazojirudia kila baada ya hatua fupi. Nondo isiyo na alama yoyote iache.

Mnunuzi wa vipande 20 hapewi cheti. Yeye ategemee mizani. Usipime unene kwa rula wala kwa kifaa cha kubana, maana mbavu zinadanganya. Uzito haudanganyi, kwa sababu chuma cha nondo kina kilo 7,850 kwa kila mita ya ujazo popote kilipotengenezwa. Kanuni ni rahisi: unene kwa milimita uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo kamili ya mita 12 iwe hivi, na mbele yake uzito wa chini unaovumilika kwa BS 4449:

- mm 8: kilo 4.74, isishuke chini ya 4.45
- mm 10: kilo 7.40, isishuke chini ya 7.07
- mm 12: kilo 10.66, isishuke chini ya 10.18
- mm 16: kilo 18.94, isishuke chini ya 18.08
- mm 20: kilo 29.59, isishuke chini ya 28.26

Kama duka halina mizani ya kuning'iniza nondo nzima, nunua moja, kata kipande cha mita 1 kamili, ukipime kwenye mizani ya duka la nafaka. Cha mm 12 kiwe gramu 888, cha mm 10 gramu 617, cha mm 8 gramu 395. Kata kwa uangalifu, kosa la sentimita 1 ni kosa la asilimia 1. Pima vipande vitatu kutoka nondo tofauti. Kimoja hakitoshi kuhukumu mzigo.

Nondo inayoitwa 12 lakini kwa kweli ina mm 11 itakuwa na kilo 8.96 kwa mita 12. Macho hayaoni tofauti hiyo, lakini umepoteza asilimia 16 ya chuma, na kwa nguzo yenye nondo 6 ni sawa na kuiondoa moja nzima. Ndiyo maana ununuzi wa vipande una hatari kuliko wa uzito. Ukinunua kwa tani, hesabu vipande: tani 1 ya mm 12 ni vipande kama 94, ya mm 10 ni 135, ya mm 8 ni 211, ya mm 16 ni 53. Tani ya mm 12 ikitoa vipande 105, chuma chote umekipata lakini kimetandazwa kwenye nondo nyembamba, na fundi atazipanga kana kwamba ni 12. Pima na urefu pia: mita 11.5 zinazouzwa kama 12 ni hasara ya asilimia 4.

Jaribio la mwisho ni la kukunja. Chukua kipande cha mm 12, kizungushe kwenye kipini cha chuma chenye kipenyo cha mm 48, taratibu, mpaka nyuzi 90. Tazama upande wa nje wa mkunjo mchana, kwenye mwanga. Mikwaruzo na magamba ya kiwandani yakidondoka si neno. Ufa unaokatiza nondo kwa upana ni sababu ya kuurudisha mzigo wote. Ukiwa na mashaka makubwa, au jengo ni la watu wengi kama skuli au msikiti, peleka vipande maabara kupitia Taasisi ya Viwango Zanzibar.

Safari na kuhifadhi

Nondo inayovuka kwenda Malindi, Mkoani au Wete juu ya sitaha, au ndani ya jahazi, hurushiwa maji ya chumvi njia nzima. Ifunike kwa turubai, na ikishushwa ioshwe kwa maji matamu siku hiyo hiyo kabla chumvi haijakauka kwenye mbavu. Hii ni kazi ya saa moja ambayo karibu kila mtu anairuka.

Kuna desturi ya kukunja nondo za mita 12 katikati ili zienee kwenye gari. Mkunjo mkubwa wa duara hauna madhara. Uliobanwa ukawa kama pini ya nywele umekwisha kuumiza chuma, na kuunyoosha ni kuumiza mara ya pili. Panga vipimo vyako ili pale penye mkunjo ndipo pawe pa kukatia, utoe kipande cha sentimita 30 na ukitupe. Kama nondo ndefu inahitajika nzima, lipia gari refu.

Kiwanjani, laza nondo juu ya matofali au miti, sentimita 30 kutoka ardhini, kila mita 2 pawe na egemeo. Turubai ifunike juu lakini pande ziachwe zipitishe hewa; ukizifunga kila upande, jasho la usiku linabaki ndani na nondo zinaloa kila alfajiri. Mchanga wa pwani usiwe kitanda chake hata siku moja. Upande wa mashariki, Paje na Makunduchi, weka kizuizi upande unaotoka upepo wa kusi, kwa sababu vumbi la maji ya bahari linafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Na usinunue nondo za ghorofa nzima wakati bado unachimba msingi. Nunua za hatua iliyo mbele yako.

Kutu nyekundu nyepesi, inayobaki kwenye kidole kama unga, haidhuru. Zege linaishika nondo hiyo vizuri tu. Kutu inayobanduka kwa magamba, au iliyoacha vishimo, ni jambo jingine. Chukua kipande cha mita 1, kisugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kipime. Kikishuka chini ya gramu 848 kwa mm 12, 589 kwa mm 10 au 371 kwa mm 8, nondo hizo hazifai tena kwa kazi ya unene wake. Brashi peke yake haiondoi chumvi iliyojificha kwenye vishimo: sugua, osha kwa maji matamu, kausha juani, kisha funga na kumwaga zege bila kukawia.

Kukata, kukunja, kufunga

Kipini cha kukunjia kiwe na kipenyo mara 4 ya nondo kwa nondo za hadi mm 16, na mara 7 kwa mm 20 na zaidi. Ringi za mm 8 zinataka kipini cha mm 32, si msumari. Mkunjo mkali sana unapasua upande wa nje na unaponda zege upande wa ndani. Ncha za ringi zikunjwe nyuzi 135 zielekee katikati ya nguzo, na kila ncha iwe na urefu wa mm 80 kwa ringi ya mm 8. Ringi yenye ncha za nyuzi 90 hufunguka nguzo ikilemewa.

Jambo linaloamua umri wa nyumba ya pwani ni kina cha zege juu ya nondo. Kipimo kinahesabiwa kutoka uso wa zege hadi chuma kilicho karibu zaidi, yaani ringi, si nondo kuu. Nguzo na bimu za nje, baraza na ngazi zilizo wazi: mm 50. Msingi uliomwagwa juu ya zege la chini la kusawazisha: mm 50. Msingi uliomwagwa moja kwa moja kwenye udongo: mm 75. Slabu (sakafu ya zege ya ghorofa) ya ndani isiyopata upepo wa bahari: mm 25. Plasta haihesabiwi.

Hapa ndipo nguzo ya kawaida ya mm 230 kwa 230 inapotushinda. Ukiweka mm 50 kila upande, ringi inabaki na mm 130 tu, nondo zinabanana na kokoto haipiti. Mafundi hutatua kwa kupanua ringi mpaka mm 190, na zege la juu linabaki mm 20. Karibu na bahari nguzo iwe mm 300 kwa 300, ringi mm 200 kwa 200. Inakula zege zaidi, lakini kuliko kuja kuvunja nguzo miaka 12 baadaye watu wakiwa wanaishi ndani, gharama hiyo ni ndogo. Kwa ringi hiyo kata ya kwanza mm 960, ikunje, ipime, ndipo ukate zilizobaki.

Nondo zishikiliwe mbali na boksi kwa vitofali vidogo vya zege: mm 50 kila upande, saruji 1 kwa mchanga 2, waya umepandikizwa ndani, vimelowekwa kwenye maji matamu siku 7. Funga kimoja kila mita 1 kwa nguzo na bimu, na kila sentimita 80 kwa slabu. Usitumie kipande cha mbao, kipande cha matumbawe wala kipande cha nondo. Kipande cha nondo kinachogusa boksi kinabaki usoni mwa zege, na kutu inapita kwake kuingia ndani. Waya wa kufungia nao: ncha zote zigeuzwe ndani. Ncha iliyoachwa nje inatokeza doa la kahawia mwaka wa kwanza.

Pale nondo mbili zinapoungana zilaliane mara 50 ya unene: sentimita 50 kwa mm 10, 60 kwa mm 12, 80 kwa mm 16. Viungo visikutane vyote mahali pamoja. Nusu viwe hapa, nusu juu yake. Kabla ya kufunga upande wa mwisho wa boksi, pitisha kipande cha mbao chenye unene wa mm 50 kati ya ringi na boksi kila upande. Kikikwama, rekebisha hapo hapo. Wakiwasili wenye zege hakuna atakayesimama kukusikiliza.

Zege lenyewe

Tumia saruji ya daraja la nguvu 42.5, mfuko usiozidi miezi mitatu, usio na mabonge. Mchanga uwe wa mashimo ya shamba yaliyoruhusiwa. Wa ufukweni una chumvi, na kuuchimba kunaila pwani tuliyonayo. Kokoto ya mawe ya matumbawe ina vitundu na inanyonya maji: ioshe kwa maji matamu na uiloweshe jioni ya kuamkia kazi, la sivyo itakunywa maji ya zege na wafanyakazi watayaongeza bila kipimo. Kwa nguzo na bimu za mstari wa kwanza wa bahari, kokoto ngumu ya kutoka bara inalipa nauli yake.

Maji ni lazima yawe matamu. Fanya hesabu: mfuko wa kilo 50 unatumia lita 25. Maji ya bahari yana kloraidi karibu gramu 19 kwa lita, kwa hiyo umetia gramu 475. Kikomo kwa zege lenye nondo ni asilimia 0.4 ya saruji, gramu 200 kwa mfuko. Umeshazidisha zaidi ya mara mbili kabla bahari haijaugusa ukuta. Kwa kisima, ulimi ni kipimo kizuri: mtu huanza kuhisi chumvi kwenye miligramu 250 za kloraidi kwa lita, na kikomo cha maji ya zege lenye nondo ni 1,000. Yasiyo na ladha yanafaa. Onja tena kila siku ya kumwaga, kwani visima vya karibu na pwani hubadilika, hasa kiangazi cha kaskazi.

Pima mchanga na kokoto kwa boksi la kupimia, usipime kwa sepeto. Boksi lenye sentimita 40 kwa 35 kwa 25 ndani ni lita 35, sawa na mfuko 1 wa saruji. Mchanganyiko wa pwani ni saruji 1, mchanga 1½, kokoto 3. Maji yote lita 25, na mchanga uliolowa mvua unabeba lita 4 hivi tayari, hivyo tia 21. Zege linalotiririka kama uji linaacha vitundu likikauka, na chumvi hupita kwenye vitundu hivyo hivyo.

Vibreta, mashine ya kutikisa zege lishikane, ichomekwe wima kila sentimita 40, sekunde 10 hadi 15, itolewe taratibu, na isiegemezwe kwenye nondo. Baada ya saa chache funika kwa magunia na uyaloweshe kwa maji matamu siku 7 mfululizo, na siku 14 kama saruji ina mabaki ya tanuru au majivu, au nyumba inaangalia bahari. Ngozi ya nje ya zege ndiyo ngao, na ndiyo inayokauka kwanza ikiachwa.

Nondo zinazosubiri ghorofa

Zungukia Ng'ambo au Fuoni utaziona juu ya mapaa, zimeachwa zisubiri fedha za juu. Zinaliwa zaidi pale zinapotoka kwenye zege, maana maji hutuama hapo. Kuzifunga nailoni ni kuzidhuru, unyevu unafungiwa ndani. Zisugue, zipake uji mzito wa saruji mara mbili, kisha zizungushie zege dhaifu la saruji 1, mchanga 4, kokoto 8, unene wa sentimita 10 pande zote, juu pawe na mteremko wa kumwaga maji. Siku ya kuendelea unalivunja kwa nyundo bila taabu. Kama zilishaachwa wazi, sugua shina na upime kipenyo: mm 12 iliyobaki na 11 imepoteza sehemu ya sita ya nguvu yake. Vunja kichwa cha nguzo sentimita 60 kwenda chini ufikie chuma kizima, ulaze nondo mpya pembeni yake.

Kutu ikishaanza

Dalili huja kwa mpangilio: doa la kahawia, ufa mrefu unaofuata njia ya nondo, sauti ya utupu ukigonga kwa nyundo, kisha zege kubanduka. Kupiga plasta juu ya ufa ni kuificha kazi mpaka iwe kubwa.

Kabla ya kuvunja chochote kwenye bimu au slabu, egemeza kwa miti. Vunja zege mpaka nyuma ya nondo pabaki nafasi ya mm 25, na uendelee sentimita 15 kupita pale kutu inapokoma, kwa sababu kiraka kipya kikikaa kando ya zege kuukuu lenye chumvi, kutu huhamia mpakani. Sugua nondo pande zote mpaka iwe nyeupe, osha, kausha. Ikipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unene, laza nyingine kando yake, mara 50 ya unene kila upande wa sehemu iliyoliwa. Lowesha zege kuukuu, lipake uji wa saruji, na ukiwa bado mbichi jaza zege jipya la kokoto ndogo. Rudisha mm 50, hata kama uso utatokeza nje ya ule wa zamani; ongeza kina kwa boksi, usikipunguze ili kiraka kilingane na rangi. Lowesha siku 14. Na ukikuta nondo za slabu zimekatika kabisa mahali pawili au zaidi, simamisha kazi, hamisha watu chini yake, umwite mhandisi kabla ya nyundo kupigwa tena.